Mapinduzi, Mageuzi na Utandawazi: Muongo wa 1990 katika Msamiati wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna matukio makubwa ya miaka ya 1990 yalivyoingia katika msamiati wa Kiswahili: kumalizika kwa Vita Baridi, kurejea kwa siasa za vyama vingi, kuuzwa kwa mashirika ya umma, mauaji ya Rwanda na kuanguka kwa utawala wa Mobutu. Inadai kwamba istilahi nyingi za muongo huo ziliundwa kwa mizizi iliyokuwa tayari imebeba hukumu za kimaadili za kipindi kilichotangulia, na kwamba hukumu hizo hazikufutika kwa kuwa tu mzizi ulipewa kazi mpya. Uchambuzi unajikita katika mofolojia na maana za maneno machache, na katika kazi za fasihi zilizoyapokea maneno hayo.

Utangulizi

Toleo la kwanza la Kamusi ya Kiswahili Sanifu lilichapishwa mwaka 1981, na la pili mwaka 2004. Muongo wa 1990 umekaa kati ya matoleo hayo mawili, na mtafiti anayetaka kuona dunia ilivyogeuka machoni pa wasemaji wa Kiswahili anaweza kuanzia hapo. Mwaka 1981 Muungano wa Kisovieti ulikuwa dola kubwa, Afrika Kusini ilikuwa mikononi mwa makaburu, Tanzania na Zaire zilikuwa nchi za chama kimoja, na Kenya ilibakiza mwaka mmoja tu kuiandika hali hiyo katika katiba yake. Kufikia mwaka 2004 hakuna hata kimoja kati ya hayo kilichosalia. Maneno ambayo watunzi wa toleo la kwanza wasingeweza kuyawazia, kama ubinafsishaji na utandawazi, yalikuwa yamekwisha kuwa maneno ya kila siku, yakisikika bungeni, vijiweni na katika mitihani ya shule za sekondari.

Tafiti za istilahi za Kiswahili zimeyaangalia zaidi maneno ya aina hii kwa jicho la uundaji: je, neno limeundwa kwa uambishaji, kwa uambatanishaji au kwa ukopaji, na je, linakidhi kanuni za usanifishaji? Maswali hayo ni ya lazima, lakini yana upungufu mmoja. Yanalichukulia neno jipya kana kwamba limezaliwa siku lilipotangazwa. Neno linaloundwa kwa mzizi wa zamani huja na historia ya mzizi wake, na msikilizaji huisikia historia hiyo hata pale muundaji alipokusudia isisikike. Muongo wa 1990 ni uwanja mzuri wa kulionyesha jambo hili, kwa kuwa ulikuwa muongo ambao serikali za Afrika Mashariki zilitenda kinyume cha mengi zilizokuwa zimeyahubiri, na zikalazimika kuyasema matendo hayo kwa lugha ileile zilizohubiria.

Mapinduzi na mageuzi

Ukuta wa Berlin ulibomolewa Novemba 1989. Miezi mitatu baadaye, tarehe 11 Februari 1990, Nelson Mandela alitoka gerezani. Nchini Tanzania Mwalimu Nyerere, ambaye bado alikuwa mwenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi, alieleza hadharani mwaka huohuo kwamba suala la vyama vingi linaweza kujadiliwa bila woga. Tume iliyoongozwa na Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchini mwaka 1991 ikikusanya maoni. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, na sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1992. Jambo hili lina uzito kwa mwanaisimu kama lilivyo na uzito kwa mwanasiasa. Mabadiliko yalitangulia kuombwa, na kwa hiyo msamiati wake ulishuka kutoka juu kabla haujachipuka kutoka chini.

Neno lililobeba kipindi hicho ni mageuzi. Lilisimama ana kwa ana na neno lililokuwa katika jina la chama tawala, yaani mapinduzi. Maneno yote mawili yametokana na vitenzi vya kugeuza hali ya kitu: mapinduzi kutokana na pindua, mageuzi kutokana na geua, kitenzi ambacho siku hizi kimemezwa na geuza. Tofauti yake inajulikana kwa kila aliyewahi kusafiri kwa mashua au kupika chapati. Mashua hupinduka, na vilivyomo huzama. Chapati hugeuzwa, ikabaki chapati ileile, upande wa pili sasa ukiuona moto. Waliochagua neno mageuzi walikuwa wakiahidi mabadiliko yasiyomwaga kitu. Chama cha NCCR-Mageuzi kililibandika neno hilo kwenye kifupisho cha Kiingereza cha kamati iliyokuwa ikidai marekebisho ya katiba, na jina likawa nusu la wanasheria, nusu la umma. Katika uchaguzi wa mwaka 1995, wa kwanza wa vyama vingi katika ngazi ya taifa tangu miaka ya 1960, mgombea wake Augustine Mrema alipata karibu asilimia 28 ya kura za urais.

Nchini Kenya mambo yalikwenda kwa njia ya mitaani. Tarehe 7 Julai 1990 polisi waliwatawanya watu waliokusanyika Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi. Kifungu cha 2A cha katiba, kilichokuwa kimeihalalisha KANU peke yake, kilifutwa Desemba 1991. Siku ile ya Julai iliingia katika historia ya Kenya kwa jina la Saba Saba. Kwa Mtanzania, Saba Saba ni siku ya kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954, na baadaye ni maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam. Tarehe moja na jina moja la Kiswahili, upande huu wa mpaka likiitukuza kazi ya chama kilichoshika dola, upande ule likiwakumbuka waliopigwa na dola kwa kukipinga chama kilichoishika. Kamusi ya lugha moja ingepata taabu kulifasili.

Neno upinzani nalo halikuwa jepesi. Mpinzani, kabla ya mwaka 1992, alikuwa mtu wa upande wa pili katika mpira au mieleka, au alikuwa mtu anayepinga maendeleo. Siasa za chama kimoja hazikuwa na nafasi ya mpinzani mwema. Kiswahili kingeweza kuunda neno lisilo na ugomvi ndani yake, lakini kilichukua lililokuwapo, na wabunge wa vyama vipya wakajikuta wakiitwa kwa neno ambalo kwa masikio ya wazee wengi lilikuwa shutuma.

Kutaifisha, kubinafsisha, kuchangia

Hakuna mahali ambapo historia ya mzizi inajitokeza waziwazi zaidi kuliko katika neno ubinafsishaji. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatwa mara moja na kutaifishwa kwa mabenki na makampuni makubwa. Kitenzi taifisha kiliundwa kwa nomino taifa na kiambishi cha usababishi: kukifanya kitu kiwe cha taifa. Robo karne baadaye kikaundwa ndugu yake, binafsisha, kwa kanuni ileile na kwa kiambishi kilekile: kukifanya kitu kiwe cha binafsi. Kisarufi maneno haya mawili ni pacha. Kimaadili hayakuzaliwa nyumba moja. Taifa lilikuwa neno la heshima. Kwa upande wa pili, binafsi lilikuwa na mtoto wa kwanza aliyekuwa maarufu kwa ubaya, yaani ubinafsi. Katika madarasa ya siasa, katika mashairi ya magazetini na katika ngonjera za watoto wa shule, ubinafsi ulikuwa umetajwa pamoja na unyonyaji, ubepari na ukabila kama maradhi ya jamii. Mtu aliyekulia katika mafunzo hayo alipoisikia serikali ileile ikitangaza ubinafsishaji, sikio lake lilikutana na ubinafsi kabla halijafika kwenye kiambishi.

Si kwamba waundaji hawakuwa na njia nyingine. Tume iliyopewa kazi hiyo mwanzoni mwa muongo ilitajwa kuwa ya kurekebisha mashirika ya umma, na neno kurekebisha lilikuwa pole kiasi cha kutomshtua mtu. Redio hurekebishwa, koti pia hurekebishwa. Kabla ya hapo, Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikuwa imekutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi ya mwaka 1967, ili viongozi waweze kumiliki hisa, kupangisha nyumba na kupokea mishahara zaidi ya mmoja. Uamuzi huo nao uliitwa azimio. Azimio la Zanzibar halikutamka kwamba linaliondoa Azimio la Arusha; lilikopa jina lake. Namna hii ya kutengua kitu kwa kutumia jina lake imeandikwa mara nyingi katika historia ya siasa za Tanzania, lakini haijatazamwa vya kutosha kama tukio la lugha.

Kuna neno la tatu katika kundi hili ambalo huenda ndilo lililouma zaidi kwa kuwa liliingia ndani ya nyumba. Programu za kurekebisha uchumi zilizofuata masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilitaka watumiaji walipie elimu na matibabu. Serikali ya Tanzania haikusema wananchi watalipa. Ilisema watachangia. Mchango ni neno la harusi na la msiba. Ni kile mtu anachotoa kwa kuwa yeye ni jirani, ndugu au rafiki, na anachotarajia kurudishiwa siku zamu yake itakapofika. Mchango una daftari, lakini hauna risiti ya duka. Kwa kuita ada ya hospitali mchango, lugha ya serikali iliazima deni la ujirani ikaliweka mahali pasipo na ujirani, kwa maana mgonjwa hawezi kutarajia kwamba zahanati nayo itamchangia akifiwa. Ada za shule za msingi zilifutwa Tanzania mwaka 2001, na Kenya ilifanya hivyo mwaka 2003. Tanzania neno michango lilibaki shuleni, na wazazi wameendelea kulilalamikia kwa miaka mingi. Ada inaweza kufutwa kwa waraka. Mchango ni vigumu kuukataa, kwa kuwa anayeukataa huonekana hana utu.

Soko huria lilipokewa kwa namna nyingine. Huria na uhuru vina asili moja ya Kiarabu, na kulikuwa na nia njema ya kuliunganisha soko jipya na fahari ya mwaka 1961. Lakini katika Kiswahili cha kawaida jambo la huria ni jambo lisilo na mwenyewe, ambalo kila mtu hulitenda atakavyo. Wakosoaji hawakuhitaji kwenda mbali: wakaliita soko holela. Hii si tafsiri potofu, bali ni usomaji mwingine wa neno lilelile.

Mwekezaji aliingia katika jukwaa hilo kama mgeni wa heshima. Mara nyingi alitoka Afrika Kusini, na hapo ndipo lugha ilipomkumbusha Mtanzania jambo ambalo itifaki ilitaka lisahaulike. Chama cha ANC kilikuwa na shule yake Mazimbu, Morogoro, ambako vijana waliokimbia ubaguzi walisoma kwa miaka zaidi ya kumi. Majengo hayo yalikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992 na kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mwaka uliofuata kampuni ya bia ya Afrika Kusini ilinunua sehemu ya Kampuni ya Bia Tanzania. Wapigania uhuru waliondoka Morogoro, na mitaji ya nchi yao ikaingia Dar es Salaam, karibu kwa wakati mmoja. Neno kaburu, lililokuwa limetajwa redioni kwa miongo miwili kama jina la adui, lilipata maisha mapya likimtaja meneja wa kizungu aliyekuja na mtaji huo. Matumizi hayo hayakuwa ya haki kwa kila aliyeitwa hivyo. Yalikuwa, hata hivyo, hukumu juu ya namna ukombozi ulivyohitimishwa, na ilitolewa na watu ambao hawakuwa na gazeti la kuiandikia.

Mbari, kabila na kadogo

Kati ya Aprili na Julai 1994 watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 800,000 na milioni moja, wengi wao Watutsi, waliuawa nchini Rwanda. Mwishoni mwa Aprili takriban wakimbizi 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Watangazaji wa idhaa za Kiswahili, ndani na nje ya Afrika Mashariki, walipaswa kulipa tukio hilo jina katika taarifa ya habari ambayo haikuweza kungoja kikao cha istilahi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1948 ulikuwa na neno lake, lililoundwa kwa Kigiriki na Kilatini. Kiswahili kilitoa mapendekezo kadhaa, na mawili yakadumu: mauaji ya halaiki na mauaji ya kimbari.

La kwanza linataja wingi. Halaiki ni umati. Na kwa Mtanzania aliyesoma miaka ya 1970 na 1980, halaiki ni vile vikosi vya watoto wa shule vilivyochora maumbo ya rangi uwanjani siku za sherehe za taifa. Neno linasema waliuawa wengi, na haliwezi kusema zaidi. La pili linajaribu kusema kwa nini. Mbari ni ukoo, watu wa asili moja. Kwa jirani wa Kiswahili kama Kikuyu, mbari ni uzao wa babu mmoja unaomiliki ardhi yake pamoja. Kuunda kivumishi kimbari kulikuwa ni kutamka kwamba waliouawa waliuawa kwa sababu ya walivyozaliwa. Kwa maana ya sheria hilo ni sahihi, na ndiyo sababu neno hili limeshinda katika nyaraka rasmi.

Kwa maana ya ethnografia ya Rwanda, hata hivyo, neno limegonga mwamba. Koo kubwa za Rwanda, kama Abanyiginya, Abega na Abasinga, zilikuwa na Wahutu na Watutsi ndani yake. Wote walisema Kinyarwanda na waliishi katika vilima vilevile. Kitu ambacho Mnyarwanda wa zamani angekiita kwa neno lililo karibu zaidi na mbari ndicho hasa kilichowaunganisha wauaji na wauawa. Kinyarwanda chenyewe kilipitia msukosuko unaofanana na huo: neno ubwoko, lililokuwa likitaja ukoo, lilitumika katika vitambulisho vilivyoanzishwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930 kumtaja mtu kuwa Muhutu, Mtutsi au Mtwa. Maana ya neno ilihamishwa na karani, na miaka sitini baadaye kadi ileile ilitazamwa katika vizuizi vya barabarani kuamua nani apite na nani asipite. Ni vigumu kupata mfano mwingine katika eneo la Maziwa Makuu unaoonyesha kwa ukali kama huu kwamba semantiki si mchezo wa darasani.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994 na kuwekwa Arusha, ilikumbana na tatizo lilelile lililomkabili mtangazaji. Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa tarehe 2 Septemba 1998 na kuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo, majaji walilazimika kueleza ni kundi la namna gani linalolindwa na mkataba ikiwa washtakiwa na wahanga walikuwa na lugha moja na utamaduni mmoja. Walijibu kwa kuangalia uthabiti wa kundi na namna dola ilivyokuwa imewaainisha watu, vitambulisho vikiwa miongoni mwa ushahidi. Kwa maneno mengine, walilifasili kundi kwa historia yake na si kwa damu yake. Mauaji ya kimbari ni istilahi ambayo bado haijaupokea ufafanuzi huo; bado inasema damu. Wanaleksikografia wanaweza kulitafakari hili bila kudai neno libadilishwe, kwa kuwa limekwisha kuota mizizi na kuandikwa kwenye minara ya kumbukumbu. Fasili, hata hivyo, si jiwe.

Vita vya Rwanda vilivuka mpaka na kuleta tukio jingine la kihistoria, ambalo kwa Kiswahili lilikuwa kubwa kuliko lilivyotambuliwa wakati huo. Mwishoni mwa mwaka 1996 muungano wa waasi ulioongozwa na Laurent-Désiré Kabila, ukisaidiwa na Rwanda na Uganda, ulianza kusonga kutoka mashariki ya Zaire. Tarehe 17 Mei 1997 uliingia Kinshasa. Lingala ilikuwa lugha ya jeshi la Mobutu na ya jiji hilo. Waliolishinda jeshi hilo waliingia wakisema Kiswahili, na kiongozi wao akaitwa Mzee. Wakazi wa Kinshasa walikutana na Kiswahili kama lugha ya mtu mwenye bunduki, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mtoto.

Watoto hao waliitwa kadogo. Neno hilo lilivuka hadi katika ripoti za mashirika ya haki za binadamu na vitabu vya Kifaransa na Kiingereza, na limekuwa mojawapo ya maneno ya Kiswahili yanayojulikana zaidi katika taaluma ya vita vya kisasa. Kisarufi, si neno la Kiswahili sanifu. Kiambishi ka- cha udogo, pamoja na wingi wake tu-, hakimo katika mfumo wa ngeli uliochukuliwa kutoka Unguja, ambako udogo huonyeshwa kwa ki- na vi-. Kiko hai katika Kiswahili cha Kongo na cha bara la Kenya, na walimu wengi wamekifuta kwa wino mwekundu. Basi neno la Kiswahili lililosafiri mbali zaidi kutoka katika vita hivyo lilitoka katika lahaja ambayo usanifishaji uliiweka pembeni, na kiambishi chenyewe ndicho kilichobeba maana nzima: udogo wa umri, upenzi wa anayemwita mtoto kwa jina la utani, na ukatili wa kumpa mtoto huyo silaha. Kitoto kisingelisema hivyo. Kabila mwenyewe aliuawa Januari 2001 na mmoja wa walinzi wake.

Kutanda

Utandawazi ni neno la nusu ya pili ya muongo. Lilipambana na washindani, miongoni mwao utandaridhi, na likashinda. Muundo wake ni wa kitenzi na kivumishi: tanda na wazi. Waliolipendekeza walikusudia kuenea kwa uwazi, na uwazi ulikuwa neno la wakati huo. Serikali ya Benjamin Mkapa iliingia madarakani mwaka 1995 na kaulimbiu ya ukweli na uwazi. Lakini kutanda katika Kiswahili si kuenea tu. Mawingu hutanda, na jua likafichika. Giza hutanda. Kutokana na mzizi huo tuna utando juu ya maziwa na juu ya jicho, na tuna tandabui, nyumba ya buibui. Kinachotanda hufunika. Neno utandawazi kwa hiyo limeshikilia ndani yake mambo mawili yanayovutana, kufunika na kuwa wazi, na mvutano huo umelifaa jambo linalotajwa kuliko istilahi nyingi zilizokuwa nadhifu zaidi. Wananchi waliumaliza kwa kubadili irabu moja: utandawizi.

Riwaya ya Kiswahili ilijibu kwa kasi isiyokuwa ya kawaida. Euphrase Kezilahabi alikuwa ameufungua muongo kwa Nagona (1990) na Mzingile (1991), kazi ambazo zilivunja uhalisia wa riwaya zake za awali wakati uleule ambapo uhakika wa kiitikadi uliokuwa ukiubeba uhalisia huo ulikuwa ukivunjika. Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini Kenya katika miaka ya 1980, alichapisha Walenisi mwaka 1995. Jina hilo ni sentensi nzima iliyobanwa kuwa nomino, wale ni sisi, na linafanya kwa mofolojia kile ambacho hadithi inafanya kwa visa. Katika Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila (2002), msafiri anapita katika mabara ya dunia iliyogeuzwa kuwa kijiji cha utandawazi, na istilahi ya wachumi inakuwa mahali penye njia na wakazi. Seithy Chachage, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichukua istilahi nyingine ya wachumi akaiweka katika jalada la riwaya yake: Makuadi wa Soko Huria (2002). Kuadi ni mtu anayewaunganisha wengine kwa ajili ya uasherati na kupata ujira. Kwa neno moja la mtaani Chachage alilirudisha soko huria katika uwanja wa maadili ambamo istilahi rasmi ilikuwa imejitahidi kulitoa. Wahakiki wanaoisoma kazi hiyo kama tamko la kisiasa lililovishwa hadithi wanapunja kiasi chake. Jina peke yake ni kazi ya semantiki.

Muziki wa vijana ulikuwa na njia yake. Mwanzoni mwa muongo Saleh Jabir alitia maneno ya Kiswahili katika mapigo ya rapu ya Kimarekani. Redio na televisheni za watu binafsi zilipoanza Dar es Salaam mwaka 1994, nyimbo hizo zilipata mahali pa kusikika, na kabla muongo haujaisha mtindo huo ulikuwa ukiitwa Bongo Flava. Bongo lilikuwa jina la utani la jiji, na baadaye la nchi: mahali ambapo mtu haishi bila kutumia ubongo. Nairobi, kundi la Kalamashaka kutoka Dandora lilitoa wimbo ulioitwa Tafsiri Hii. Jina hilo lingefaa kuandikwa juu ya mlango wa kila taasisi ya istilahi ya kipindi hicho. Vijana hao hawakuwa na neno la kurekebisha wala la kuchangia. Walikuwa na msoto.

Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa bado msuluhishi wa mazungumzo ya Burundi yaliyokuwa yakifanyika Arusha. Wiki sita na siku chache baadaye, tarehe 30 Novemba, marais wa Kenya, Tanzania na Uganda walikutana katika mji huohuo na kutia saini mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ibara ya 137 ya mkataba huo ilikitaja Kiswahili kuwa lugha itakayoendelezwa kwa ajili ya mawasiliano mapana ya watu wa Jumuiya. Ibara hiyohiyo ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, na mkataba wenyewe, pamoja na kifungu hicho kuhusu Kiswahili, uliandikwa kwa Kiingereza.